Maswali ya Wasomaji: Santuri za Babu na Sauti ya Siti

SWALI: Marehemu babu yangu aliniachia sanduku la santuri nzito nyeusi, nyingine zikiwa na picha ya mbwa anayesikiliza gramafoni na jina la mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad. Nilipoijaribu moja katika mashine ya kisasa ya mwanangu, sauti ilitoka nzito na ya kuburura, huku mkwaruzo ukiifunika. Jirani amenishauri nizisafishe kwa spiriti. Je, nifanye hivyo? Na ule utamu aliousifu babu umo kweli?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu Msomaji, tafadhali irudishe hiyo spiriti kabatini. Santuri za enzi hiyo hazikufinyangwa kwa plastiki bali kwa shelaki, yaani utomvu wa wadudu wadogo wa mitini huko India na Thailand, uliochanganywa na unga wa mawe na masizi. Seremala yeyote wa zamani atakueleza kwamba polishi yake ya samani hupatikana kwa kuiyeyusha shelaki katika spiriti. Na santuri yako nayo itayeyuka vivyo hivyo. Tumia kitambaa laini chenye unyevu wa maji yaliyokenekwa na tone la sabuni isiyo kali, ukifuata mzunguko wa mifereji bila kuilowesha karatasi ya katikati, kisha uikaushe kabisa.

Sauti ya kuburura ni jambo dogo: mashine ilizunguka mara 33 kwa dakika, ilhali santuri hizi zinahitaji mara 78. Tatizo la mkwaruzo lina mizizi zaidi. Sindano ya santuri za kisasa za plastiki ina ncha nyembamba ya takriban mikroni 25 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), hivyo huzama hadi chini ya mfereji, mahali penye vumbi, badala ya kuegemea kuta ambamo sauti imechongwa. Uliza dukani sindano ya santuri za 78, ambayo ncha yake hukaribia mikroni 75. Ikiwa gramafoni ya babu ya kuzungusha kwa mkono bado ipo, badilisha sindano ya chuma kila upande unapokwisha, kwa sababu ule unga wa mawe uliwekwa makusudi ili uisage ncha hadi ilingane na mfereji, na ncha iliyokwisha kusagwa huanza kuukata mfereji wenyewe. Baada ya yote hayo utabaki mvumo fulani. Huo ni wa mawe, na hauondoki.

Kuhusu utamu, jibu langu ni ndiyo, bila kusita. Siti, mzaliwa wa Fumba huko Unguja, alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 pamoja na wapigaji wenzake, na santuri walizorekodi huko ni miongoni mwa za mwanzo kabisa za taarabu kwa Kiswahili. Bahati yake ni kwamba maikrofoni ilikuwa imeingia katika kurekodi tangu 1925. Waliomtangulia walilazimika kuimba kwa nguvu mbele ya pembe kubwa, na ala za sauti ndogo zilipotea. Upande mmoja wa santuri ya inchi 10 huchukua dakika tatu hivi, muda mfupi mno kwa taarabu, ambayo barazani ubeti hurudiwa kadiri wasikilizaji wanavyotaka, na ndiyo maana utakuta wimbo umekatwa katikati, ukaendelea upande wa pili.

Nakushauri uusikilize upande huohuo mara kadhaa kabla ya kuugeuza, ukiyafuata maneno. Mimi huzipenda hivyo kuliko nakala za kompyuta zilizosafishwa mno, kwani mvumo unapoondolewa, mara nyingi ukali wa fidla huondoka nao.

Mwisho, usizilaze moja juu ya nyingine, kwa maana huvunjika kama vyombo vya udongo. Zisimamishe wima katika bahasha kavu, mbali na jua, na kwa unyevu wa pwani yenu, zikague kila baada ya miezi michache usije ukakuta ukungu.