Maswali ya wavuvi: trauti kwenye mto unaopona

Wanaovua kwa nzi bandia, yaani ndoana iliyofungwa nyuzi na manyoya ifanane na mdudu, wametuuliza kuhusu mito iliyoanza kurudisha trauti, samaki wa maji baridi.

Majani yakipukutika naona mabaka meupe kwenye changarawe. Naweza kupita juu yake?

Usipite, hivyo ni viota. Trauti jike wa kahawia hulala ubavu, akapiga mkia mpaka changarawe itakate na shimo lipatikane. Akishataga, husogea mbele kidogo dhidi ya mkondo na kuchimba tena, na changarawe anayofukua huyafunika mayai. Wengi hukwepa kishimo wakakanyaga kituta kilicho nyuma yake, kumbe mayai yamo kwenye kituta! Kwenye maji ya nyuzi 5 za Selsiasi, kuangua huchukua siku 80 hivi, na vifaranga hubaki humo wiki kadhaa zaidi. Matope laini yakiziba nafasi kati ya kokoto, oksijeni haipiti na mayai hufa. Kwa hiyo hata kutibua matope juu ya kiota ni kosa. Vulia ukingoni.

Trauti anakula juu ya maji, nzi wangu anapita mbele yake, hashtuki. Nibadilishe nzi?

Kwanza tazama nyuma ya nzi. Akiacha mchirizi kama wa mtumbwi, tatizo ni mshipi: mkondo wa kasi wa katikati unauvuta, nao unamburuta nzi. Mdudu halisi huchukuliwa na maji, hayakati. Mshipi ukishatua tu, inua ncha ya fimbo na uulaze mshipi, ile sehemu yake iliyopinda, upande maji yanakotoka. Uzi wa mwisho, ule unaofungwa nzi, uwe na unene wa milimita 0.15, na nzi atue mita moja mbele ya samaki, upande maji yanakotoka. Bado anakataa? Ukiona mgongo bila pua, anakula wadudu ambao hawajafika juu. Hapo sasa badilisha, funga nzi anayezama sentimita chache.

Wakati wa joto nivue mpaka lini?

Mpaka kipimajoto kisome nyuzi 20. Maji ya joto hubeba oksijeni kidogo, na samaki aliyepambana nawe anaweza kuondoka akiogelea kisha akafa baadaye. Pima kila saa, si asubuhi peke yake.

Namwachiaje bila kumuumiza?

Bana kijino cha ndoana kwa koleo kabla ya kurusha. Lowesha mikono, maana mikono mikavu humtoa ute unaomkinga na maradhi. Mfungue angali ndani ya maji, kisha mshike akielekea mkondo hadi aondoke mwenyewe. Ile tabia ya kumsukuma mbele na nyuma haifai, matamvua hayakuumbwa kupitisha maji kinyume.

Wakati wa baridi je?

Kama sheria ya mto inaruhusu, tumia nzi mdogo mwenye shanga nzito, apite polepole karibu na mawe kwenye vina vilivyotulia, saa sita hadi saa tisa mchana.