Maswali ya Wasomaji: Hadithi za kuchagua njia katika somo la kusoma

Barua nne tulizozichagua safari hii zote zinahusu michezo ya hadithi, yaani hadithi zinazosimama kila baada ya aya chache ili msomaji aamue mhusika afanye nini, kisha zikaendelea kufuata uamuzi wake. Barua ya kwanza tumeijibu kwa urefu, kwa sababu inagusa tatizo ambalo walimu wengi wa madarasa ya chini wanalo.

Swali: Ndugu Mhariri, ninafundisha Kiswahili Darasa la Tatu wilayani Muheza. Wanafunzi wangu wengi hutamka maneno yote ya kifungu bila kukwama, lakini nikiwauliza kilichotokea katika hadithi, hunyamaza. Nimesikia kuhusu hadithi za kompyuta ambazo mtoto huchagua mwendelezo. Je, zinaweza kunisaidia, nami nina watoto zaidi ya sabini na kompyuta moja tu iliyo ofisini kwa mwalimu mkuu?

Jibu: Zinaweza, mwalimu, kwa sharti moja ambalo nitalieleza. Kwanza tuliangalie tatizo lenyewe. Kiswahili kina irabu tano, na herufi zake husomeka karibu zote jinsi zinavyoandikwa, hivyo mtoto aliyezishika silabi anaweza kutamka hata neno ambalo hajapata kulisikia. Hiyo ni neema kubwa kwa mwalimu wa Darasa la Kwanza, lakini pia huficha udhaifu, kwa kuwa ulimi unaweza kukimbia mbele ilhali maana imebaki nyuma. Maswali ya ufahamu tuyawekayo mwishoni mwa kifungu hayautoi udhaifu huo nje kila mara. Ukiuliza "Juma alikwenda wapi?", mtoto hulitafuta jina la Juma katika kifungu, akanakili maneno yanayolifuata, akapata vema bila kuelewa lolote.

Hadithi ya kuchagua njia huliingiza swali ndani ya kisa chenyewe, na jibu la mtoto huzaa matokeo anayoyaona. Sharti ni kwamba uchaguzi usiwezekane bila kusoma. Chukua mfano huu:

"Bibi alikuwa ng'ambo ya mto, anangoja dawa. Mwanaidi alifika gatini akakuta maji yamekupwa. Mtumbwi wa babu ulikuwa palepale, na kasia lilikuwa ndani yake. Mzee mmoja alisema: Maji yatajaa mchana. Mwenye haraka apite darajani."

Chini yake kuna njia mbili: Mwanaidi aingie mtumbwini, au Mwanaidi aelekee darajani. Mtoto asiyeelewa maana ya maji kupwa, au aliyeyatamka maneno ya mzee bila kuyasikiliza, atavutwa na mtumbwi, maana mtumbwi upo na kasia lipo. Kipande kinachofuata kisimwambie kwamba amekosea. Kimwoneshe: "Mwanaidi aliingia mtumbwini akashika kasia. Kasia lilizama topeni. Mtumbwi haukusogea. Mwanaidi alikaa pale mpaka mchana, na dawa ingali mkononi mwake." Hapo mtoto atarudi nyuma kusoma tena, bila kuamriwa na mtu, akitafuta ni wapi alipoambiwa jambo hilo. Kule kurudi ndiko kunakofundisha, na ndiko tunakokuhangaikia siku zote katika somo la ufahamu.

Linganisha na uchaguzi wa aina hii: "Je, Mwanaidi awe jasiri au mwoga?" Kila mtoto atasema jasiri, kifungu awe amekisoma au hajakisoma. Hadithi nyingi za kibiashara zimejaa chaguzi za namna hiyo, au zina picha inayotoa jibu kabla ya maandishi. Zinafurahisha, lakini kwa somo la kusoma hazina kazi.

Sasa watoto sabini na kompyuta moja. Ushauri wangu ni kwamba uanze bila kompyuta. Andika kila kipande cha hadithi kwenye kipande cha manila, kipe namba, na mwishoni mwa kila uchaguzi andika namba ya kipande cha kwenda. Vibandike kwenye kuta za darasa, au nje chini ya mwembe, kisha wagawe watoto katika makundi ya watu sita au saba. Mmoja husoma kwa sauti, wengine hujadiliana, na msomaji hubadilika katika kila kipande. Kanuni iwe moja na isivunjwe: anayependekeza njia lazima aoneshe kwa kidole sentensi iliyomfanya aichague. Bila kanuni hiyo, mtoto mwenye sauti kubwa ataliburuta kundi zima. Watoto wetu si wageni wa hadithi inayomngoja msikilizaji ajibu. Mtega kitendawili hulisubiri jibu, na aliyeshindwa hutoa mji kabla ya kufumbuliwa. Kwa hiyo hutahitaji muda mrefu wa kuwaeleza namna ya kucheza.

Ukiwa mwandishi wa hadithi, jihadhari na hesabu. Ukitoa njia mbili katika kila kipande, chaguzi nne mfululizo zitakudai vipande 31, na utachoka kabla ya kumaliza. Zifanye njia zikutane tena: aliyepita darajani na aliyengoja mtumbwini wote wafike kwa bibi, mmoja asubuhi na mwingine jioni. Kwa namna hiyo vipande kumi hivi vinatosha kipindi kimoja.

Utakapoipata kompyuta ya mwalimu mkuu, ipo programu ya bure iitwayo Twine, iliyotolewa na Chris Klimas mwaka 2009. Unaandika vipande vyako, na maneno unayotaka yawe njia unayazungushia mabano ya mraba mawilimawili. Programu yenyewe huunda kipande kipya na kukiunganisha. Hadithi ikikamilika huwa faili moja linalofunguka katika kivinjari chochote bila intaneti, nawe unaweza kulibeba kwenye flashi. Ukiionesha kwa projekta, usikimbilie kura ya kunyoosha mikono, kwa sababu watoto watatazamana. Kila mmoja aandike kwanza katika daftari njia aliyoichagua na sentensi iliyomwongoza, ndipo mikono inyooshwe.

Swali: Mimi ni mzazi, niko Nakuru. Mwanangu wa Gredi ya Tatu hutumia simu yangu kusoma hadithi za mchezo zinazomsomea kwa sauti. Anamaliza hadithi haraka sana, na ninaona anabonyeza tu. Je, bando langu linapotea bure?

Jibu: Mzazi mwenzetu, sauti inayomsomea ni msaada mzuri mwanzoni, kwa kuwa humwonesha mtoto mapigo ya sentensi na humpa ujasiri. Ikiendelea kuwapo muda wote, humwondolea sababu ya kuyatazama maandishi. Mwache aisikilize hadithi mara ya kwanza, kisha zima sauti, akae karibu nawe, asome mwenyewe kwa sauti kabla ya kuruhusiwa kubonyeza. Kila mara mwulize swali moja tu: "Kwa nini umechagua hii?" Akikujibu kwa jambo lililo katika hadithi, anasoma. Akikujibu kwamba ameipenda rangi au picha, bado.

Kipimo kingine usikitafute ndani ya simu. Michezo hutoa nyota na makofi kwa kumaliza, na kumaliza si kusoma. Mwandikie kwenye karatasi aya fupi asiyoijua, yenye maneno aliyokutana nayo katika hadithi, asome, kisha akusimulie kwa maneno yake. Hapo utajua.

Swali: Ninasoma chuo cha ualimu. Je, kuna ushahidi wowote kutoka kwetu kwamba michezo ya kompyuta imewafundisha watoto kusoma Kiswahili? Na kama upo, mwalimu ana nafasi gani?

Jibu: Upo, nao unatoka Tanga. Shindano la Global Learning XPRIZE, lililotangazwa mwaka 2014 na kuwa na zawadi za jumla ya dola milioni 15, liliwataka washindani watengeneze programu huria ambazo mtoto angejifunzia kusoma, kuandika na kuhesabu mwenyewe. Programu tano zilizofika fainali zilijaribiwa kwa Kiswahili katika vijiji vipatavyo 170 vya mkoa wa Tanga, kwa ushirikiano wa Serikali ya Tanzania, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Watoto walipewa vishikwambi, na vituo vya kuchajia kwa umeme wa jua vilijengwa vijijini. Kabla ya jaribio, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Mwezi Mei 2019 ushindi uligawanywa kati ya timu mbili, Kitkit School na onebillion.

Matokeo hayo nayaheshimu sana, na naomba yasomwe kwa uangalifu. Wengi wa watoto wale, asilimia 74, hawakuwa wamewahi kwenda shule, kwa hiyo kilichopimwa ni kishikwambi mahali pasipo na mwalimu, wala si kishikwambi dhidi ya mwalimu. Pia nusu ya wale wasiojua neno moja walibaki hivyo baada ya zaidi ya mwaka mzima. Na programu zile zilikuwa na mazoezi ya herufi, sauti na namba pamoja na hadithi, hivyo mafanikio yake hayawezi kuhesabiwa kuwa ya hadithi peke yake. Nafasi ya mwalimu naiona wazi katika nusu ile iliyobaki. Mtoto aliyekwama kwenye silabi moja anahitaji mtu wa kusikia amekwama wapi, na mtoto aliyechagua vibaya anahitaji mtu wa kumwuliza aliwaza nini.

Swali: Nafundisha Darasa la Sita Bukoba. Wanafunzi wangu wanasoma vizuri. Je, ninaweza kuwapa wao kazi ya kuziandika hadithi hizi?

Jibu: Fanya hivyo, mwalimu, tena mapema. Hadithi ya kuchagua njia humdai mwandishi sarufi ambayo vitabu huifundisha kwa mifano mikavu. Akiandika "Ukiufungua mlango, nenda namba 5, usipoufungua, nenda namba 8", ametumia -ki- na -sipo- kwa sababu anazihitaji. Akimaliza njia mbaya kwa "Ungalimsikiliza mzee, mtumbwi usingalikwama", ameelewa -ngali- kuliko atakavyoielewa kwenye jedwali la ubaoni. Wape kwanza ngano wanayoijua nyumbani, wachague mahali pawili ambapo mhusika angeweza kuamua vingine, na wayaandike matawi hayo tu. Wanaoanza na kisa kipya kabisa hupotea katikati.

Wakitaka hadithi zilizokwisha kuandikwa ili wazigeuze, tovuti za African Storybook na StoryWeaver zina nyingi za Kiswahili zinazopatikana bure, na leseni zake huruhusu kubadilisha maandishi mradi mwandishi wa kwanza atajwe. Soma masharti ya kila hadithi kabla ya kuisambaza.

Kuhusu usahihishaji, kabla hujaichukua kalamu nyekundu, badilishaneni hadithi kati ya makundi. Wasomaji wa kundi jingine wazifunike aya na kuacha chaguzi tu zikionekana, kisha wabahatishe njia. Mahali popote watakapobahatisha sawasawa bila kusoma, mwandishi airudie aya ile mpaka uchaguzi utegemee jambo lililoandikwa ndani yake. Tahajia na alama za uandishi zisahihishwe baada ya hapo, katika nakala ya mwisho itakayobandikwa ukutani kwa ajili ya Darasa la Tatu.