Mfilisi akikuita, nenda na makaratasi

Barua ya kwanza ya mfilisi, yule anayekabidhiwa kampuni iliyofilisika akusanye mali yake awalipe wadai, huwa ya upole kwa mkurugenzi. Anataka vitabu vya hesabu, anataka kujua gari la kampuni liko wapi, anakupa tarehe ya kujibu. Wengi huitupia kwenye droo. Mimi ni mtunza hesabu hapa Uingereza, na wateja wangu wengi ni Waswahili wenye maduka, teksi na kampuni za kuhudumia wazee. Nikisikia kampuni imefilisika, huuliza kwanza: barua umeijibu?

Kifungu cha 235 cha Sheria ya Ufilisi ya mwaka 1986 kinamlazimu mkurugenzi, hata aliyekwisha kujiuzulu, kumpa mfilisi maelezo anayoyahitaji kwa haki. Ukikaa kimya, kifungu cha 236 kinamruhusu aiombe mahakama ikuite uhojiwe kwa kiapo. Ukikimbia, jaji anaweza kutoa hati ya kukukamata. Na ikionekana kesi imefika huko kwa sababu ulikataa kujibu bila sababu ya maana, unaweza kubebeshwa gharama zake. Afadhali mahojiano ya ofisini kwa mfilisi, hata kama chai yao haina ladha.

Mahakamani nako usitegemee makelele ya sinema. Wakili wa mfilisi ana taarifa ya benki iliyopigwa mistari ya rangi, na anakwenda nayo polepole. Hizi pauni 400 za Machi zimeandikwa "mama". Mama ni nani? Alikuwa mfanyakazi? Hapo nimeona watu wazima wakitokwa jasho, maana hela ya kumtumia mama Tanga ilitolewa kwenye akaunti ya kampuni. Kwetu duka ni la familia na hela ni ya familia. Kisheria kampuni ni mtu mwingine kabisa, na pesa hiyo itahesabiwa kuwa deni lako kwake usipoonyesha kwamba ulikuwa mshahara wako, au gawio (sehemu ya faida ya mwenye hisa) lililopitishwa inavyotakiwa.

Kwa hiyo kabla ya siku yenyewe kaa na taarifa za benki za miaka ya mwisho ya kampuni, uandike pembeni kila malipo yalikuwa ya nini. Usilolikumbuka, sema hulikumbuki. Wanaoponzwa ni wale wanaobahatisha ili waonekane wanajua: majibu yanarekodiwa, na mfilisi anaweza kuyatumia dhidi yako akikufungulia kesi ya madai.

Kuna wanaoniambia, "Nitanyamaza, ni haki yangu." Kevin Maxwell alishika njia hiyo, baba yake Robert, tajiri wa magazeti hapa Uingereza, alipofariki na pesa za pensheni za wafanyakazi zikaonekana hazipo. Mwaka 1992 Mahakama ya Rufaa ilisema hofu ya kujitia hatiani si sababu ya kukataa kumjibu mfilisi. Kinga ilikuja kwa mlango mwingine. Mwaka 1996 Ernest Saunders, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya bia ya Guinness, alishinda katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, Strasbourg, kuhusu majibu aliyolazimishwa kuwapa wakaguzi wa serikali. Baadaye sheria ikarekebishwa, na kwa kawaida mwendesha mashtaka hawezi kutumia majibu ya namna hiyo kukutia hatiani katika jinai. Kusema uongo chini ya kiapo hakumo katika kinga hiyo. Ukihisi jambo lako lina harufu ya jinai, tafuta wakili wako binafsi. Yule wa kampuni hakufai, kwani siri za kampuni na wakili wake sasa ziko mikononi mwa mfilisi.

Wanaonisikitisha zaidi ni wake, na wakati mwingine wadogo zetu, walioandikishwa Companies House, ofisi ya serikali inayosajili kampuni, kuwa wakurugenzi ili fomu ijae tu. "Mimi sijui kitu, muulizeni mume wangu" hakumwokoi mtu. Naye anaweza kuitwa, naye mfilisi humwandikia serikalini ripoti ya mwenendo wake kama mkurugenzi, na anaweza kufungiwa ukurugenzi kwa miaka 2 hadi 15. Dada yangu, kama jina lako limo, omba leo kuiona akaunti ya benki ya kampuni. Ukikataliwa, andika barua ya kujiuzulu na ubaki na nakala. Kisha hakikisha kwa macho yako kwamba daftari la Companies House linaonyesha umejiuzulu. Linatazamwa bure mtandaoni.