Muulize Mwalimu: Anajua "respiratory" ila "heart" inamtoa jasho

Shikamoo Mwalimu. Mi Mtanzania niko Madrid, nafanya kazi ya kulea watoto na jioni nawasaidia homework za Kiingereza. Huyu wa kwanza ana miaka tisa, shule yao ya serikali ni ya lugha mbili so sayansi anasoma kwa Kiingereza. Wana mtihani wa mwili wa binadamu, nikamwandikia listi ndefu ya maneno akariri. Ajabu ni kwamba "digestive" na "respiratory" kazishika siku ileile, ila "heart", "lungs", "chew" na "breathe" kila jioni tunaanza upya. Nilidhani maneno marefu ndo magumu! Nakosea wapi?

Marahaba mwanangu. Mtoto yuko poa kabisa, listi ndo imekaa kichwa chini miguu juu. Wewe na mimi tukikutana na "respiratory" tunaona mlima, lakini yeye nyumbani anasema *respiratorio*, hapo kabadilisha mkia tu. Kihispania ni mtoto wa Kilatini. Kiingereza nacho maneno yake ya jikoni na ya mwilini yalitoka kwa Waanglia na Wasaksoni, af mwaka 1066 Wanormani wakavuka bahari kutoka Ufaransa wakaitwaa Uingereza, wakaja na maneno yao, na baadaye wasomi nao wakabeba Kilatini na Kigiriki kwa magunia. Ndo maana Kiingereza kina jino la nyumbani, "tooth", na jino la daktari, "dental". Mwezi ni "moon" ila vya mwezi ni "lunar", jua ni "sun" ila vya jua ni "solar". Na hizi dental, lunar, solar Mhispania anaziandika hivyohivyo herufi kwa herufi! Kwa hiyo neno likizidi kunuka vitabu ndo linazidi kuwa lake, na likiwa fupi la kila siku ndo linamtoa jasho.

Sasa hayo marefu usimkaririshe, mpe penseli ayawinde mwenyewe kwenye kitabu. Mwonyeshe mikia michache: kwao -ción kwa Kiingereza ni -tion (*circulación*, *respiración*), -dad ni -ty (*electricidad*, *densidad*), f ya *fotosíntesis* inaandikwa ph. Akishaiona atakuja kukuonyesha mengine yeye, watoto wanapenda sana huo mchezo. Kazi kubwa inabaki kwenye kutamka, maana akiliona neno linafanana atalisoma Kihispania, na wao wana irabu tano tu kama sisi, so "live" na "leave" zinatoka mdomoni sawasawa kabisa (tusiwacheke, tunajijua).

Muda wote uliobaki peleka kwenye vitenzi. Chew, swallow, breathe, pump, grow, na wakifika kwenye maji kuna melt, boil, freeze. Hivi ndo vinabeba somo, na kwenye mtihani hamna mtu atakayemuuliza tafsiri ya "stomach", ataambiwa aeleze chakula kinasafiri vipi. Mtoto anajua majina yote ya viungo halafu anakwama kuyaunganisha. Fanya hivi, mchoree mtu, mpe kipande cha mkate cha kufikirika, aanze mdomoni ashuke nacho mpaka mwisho akiongea kwa sentensi: we chew the bread, then we swallow it, it goes down to the stomach. Akikosa kitenzi mpe palepale af aendelee, usimsimamishe kumsahihisha kila neno. Kesho yake arudie njia ileile bila picha. Listi ya maneno matupu mi naona itupe tu.

Halafu kuna maneno yanajifanya ndugu na sio ndugu, hayo umtahadharishe mapema. *Constipado* kwao ni mtu mwenye mafua, "constipated" ya Kiingereza ni mtu aliyefunga choo, sasa fikiria mtoto anamwambia mwalimu mbele ya darasa kwa nini jana hakuja shule 😂. Mkifika kwenye somo la chakula na "preservatives" jiandae pia, *preservativo* kwao ni kondomu. Dawa ya kuhifadhi chakula, ile ya kwenye makopo, wao wanaiita *conservante*. Na *librería* ni duka la vitabu, library wanaita *biblioteca*.

La mwisho, akimaliza kueleza kwa Kiingereza mwambie amsimulie mama yake kwa Kihispania. Huo mpango wa Madrid wa shule za lugha mbili umeanza 2004, na malalamiko ya wazazi ambayo hayaishi ni kwamba mtoto anataja mifupa kwa Kiingereza lakini kwa lugha ya kwao anaumauma maneno. Hesabu wameiacha kwa Kihispania, afadhali.

Mwalimu habari za kazi. Nafundisha Kiingereza kwa intaneti, nina mwanafunzi mtu mzima wa Colombia anataka kusoma uchumi. Vocabulary yuko vizuri mno ila akitaja namba nachanganyikiwa. Juzi kasema watu duniani ni "eight thousand million". Nimsahihishe au ni sawa?

Hesabu yake sawa, Kiingereza ndo hakisemi hivyo siku hizi. Wao *billón* ni milioni mara milioni, yaani sifuri 12, wakati "billion" ya Kiingereza (na bilioni yetu pia) ina sifuri 9. Ile yenye sifuri 9 wao wanaita *mil millones*, ndo hiyo "thousand million" yake. Kwa mtu wa uchumi hii ni hatari kweli, kwao bajeti ya serikali inatajwa kwa *billones* za peso, akiigeuza kuwa "billion" kaipunguza mara elfu nzima! Aseme "trillion". Muulize na nukta, Colombia 1.500 ni elfu moja na mia tano na mkato ndo unatenga desimali, Mexico wao wanatumia nukta kwa desimali kama sisi. Mfanyishe grafu za magazetini kwa sauti, asome "rose by", "fell to", "rose from", maana hapo kwenye by na to ndo wengi wanapinda, kuongezeka *kwa* asilimia 5 na kuongezeka *mpaka* asilimia 5 ni habari mbili tofauti.

Mwalimu, mi nafundisha biolojia Form One, Dodoma. Hiyo mbinu ya kuwinda mikia ya maneno naweza kuitumia kwa watoto waliotoka kusoma kila kitu kwa Kiswahili?

Nusu. Sisi oksijeni, protini, bakteria, atomu na virusi tunazo tayari, hizo waache wazitambue wenyewe. Lakini aliyesoma usanisinuru miaka yote halipati "photosynthesis" kwa kubadilisha mkia, hapo lazima ufundishe neno lenyewe, na vitenzi vifupi vinamsumbua vilevile kama huyo mtoto wa Madrid, so mwenzako yule ana mzigo mmoja, wewe una miwili. Safari ya kipande cha mkate ichukue yote kama ilivyo, ila weka ugali. Na kwenye kila topiki mpya vitenzi vyake viandike ubaoni kabla ya majina, viache hapo mpaka topiki iishe.