Usilinganishe Marejeleo Kabla ya Kuuliza Fani

Kila mwaka wa masomo unapoanza, wanafunzi wapya wa uzamili na uzamivu hunijia na swali moja: profesa huyu ana makala mia mbili, yule ana thelathini, nimwombe nani anisimamie? Nami huwauliza kwanza: thelathini za fani gani?

Katika tiba na baiolojia, makala moja huandikwa na watu wengi na mara nyingi hurejelea kazi nyingine hamsini au zaidi, kwa hiyo marejeleo, yaani mara ambazo kazi ya mtu hutajwa na watafiti wengine, huongezeka haraka. Mwanahisabati aghalabu huandika peke yake au na mwenzake mmoja, hurejelea kazi chache, na huenda makala yake ikaanza kutumika sana baada ya miaka mingi. Fizikia ya chembe nayo ina utaratibu wake. Mwaka 2015 timu mbili za CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia ya chembe, ziitwazo ATLAS na CMS, zilichapisha pamoja makala ya kupima uzito wa chembe ya Higgs, yenye waandishi zaidi ya 5,000. Kati ya kurasa zake 33, utafiti wenyewe ulichukua 9; nyingine zote ni majina ya waandishi na taasisi zao. Peter Higgs mwenyewe, mwanafizikia ambaye chembe hiyo ina jina lake, baada ya kazi yake ya 1964 iliyoitabiri, alichapisha makala zisizofika kumi. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2013, na mwaka huohuo akaliambia gazeti la The Guardian kwamba kwa vigezo vya sasa asingepata kazi chuoni. Mpange jedwali moja na kijana yeyote wa zile timu mbili, na kijana atamwacha mbali sana kwa idadi ya makala.

Aina ya makala pia ina uzito. Mojawapo ya makala zilizorejelewa kuliko zote duniani ni ya Oliver Lowry na wenzake ya mwaka 1951, inayoeleza namna ya kupima kiasi cha protini. Imerejelewa zaidi ya mara 300,000 kwa sababu kila aliyetumia mbinu hiyo maabara alipaswa kuitaja.

Mtasikia sana habari za kipimo cha h. Kilibuniwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Ukiwa na makala 12 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 12, na huna 13 zilizofikia 13, basi h yako ni 12. Ni rahisi kukokotoa, ndiyo maana kimeenea. Lakini hakishuki kamwe, kwa hiyo humpendelea aliyeanza zamani, na hakijui nani alifanya kazi na nani aliongezwa jina tu. Hirsch mwenyewe alionya kwamba h za wanabaiolojia huwa juu kuliko za wanafizikia. Kinachofaa zaidi ni kipimo kinacholinganisha marejeleo ya makala na ya nyingine za fani ileile na mwaka uleule: wastani wa dunia ni 1, na mwenye 1.5 amezidi wastani kwa asilimia 50.

Uliza pia namba imetoka wapi. Kanzidata zinazohesabu marejeleo, yaani Web of Science, Scopus na Google Scholar, zitakupa namba tatu tofauti za mtu mmoja. Hili linatuumiza sisi hasa. Mwanaisimu wa Kiswahili huandika vitabu, sura za vitabu, na makala katika majarida kama Kiswahili la TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili), Dar es Salaam. Kanzidata za kibiashara hazioni sehemu kubwa ya kazi hiyo, ilhali walimu na wanafunzi wanaitumia kila siku. Kumpima kwa Scopus pekee ni kumdhulumu, na nitalisema hilo katika kamati yoyote.

Kwa upande wenu, jiandikisheni ORCID kabla ya makala ya kwanza. Ni namba ya utambulisho wa mtafiti, yenye tarakimu 16, haina malipo, na kwetu ina faida kubwa: majina yetu matatu hupangwa kila mtu apendavyo, na wapo wanaobadili jina baada ya ndoa, hivyo kazi za mtu mmoja hugawanyika kana kwamba ni za watu wawili. Chagua namna moja ya kuandika jina lako na usiiache. Barua pepe inayokusifu na kukuahidi kuchapisha ndani ya siku chache ukilipa, ifute.

Na kuhusu msimamizi, tafuta makala alizochapisha na wanafunzi wake wa zamani. Tazama kama majina yao yalitangulia, yaani kama walipewa sifa ya kazi yao, kisha watafute wawili watatu uwaulize rasimu zao zilikaa kwake muda gani kabla ya kusomwa.