Shangazi, zulia la futi ngapi?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Tumehamia nyumba ya kupanga hapa Tanga. Sebule ni futi 12 kwa 14, sakafu ya vigae vyeupe, makochi ni yale ya umbo la L. Nimelipenda zulia moja la manyoya, rangi ya maziwa, futi 5 kwa 8. Mume wangu anasema mkeka unatosha, hela ziende kwenye ada. Tuna mtoto wa miaka minne na mwingine anatambaa. Tuamue.
Mama Wawili, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla sijaamua, nikusimulie yangu.

Nami nililipenda la manyoya, jeupe kama pamba, nikalinunua kwa ajili ya Idi. Idi pili, mtoto wa dada yangu akapita na sahani ya biriani, akajikwaa. Ilikuwa masika. Nikalitoa uani, nikalimiminia sabuni ya unga na ndoo saba za maji. Lilivyokunywa yale maji, watu wawili tulishindwa kulinyanyua. Siku nne liko juu ya ukuta, jua likitoka dakika tano linajificha. Siku ya tano nikalirudisha ndani nikijua limekauka, kumbe kule chini bado bichi. Wiki nzima sebule ikanuka mbuzi aliyenyeshewa, na wageni kwa adabu zao wakawa wanasema, "Tukae tu hapa barazani, kuna upepo."

Tanga ni pwani kama kwangu Dar. Hewa ina unyevu, na manyoya marefu yanashika mchanga, makombo na kila kilichoanguka. Huyo anayetambaa atakuokotea vyote na kuvitia mdomoni. Hayo manyoya ya rangi ya maziwa waachie maharusi ambao hawajapata watoto.

Tafuta zulia la nyuzi fupi lililofumwa kwa mashine. Mengi ya bei ya kawaida ni ya polipropilini, jamii ileile ya plastiki wanayofumia magunia ya sukari. Uzi wenyewe haunywi maji, uji ukimwagika unafuta. Lakini geuza uone mgongo: ukiwa wa juti, zile nyuzi za mmea mfano wa katani, nao unakunywa maji na kunuka, kwa hiyo hilo usilifue kwa ndoo saba kama mimi. Rangi chukua iliyochanganyika, damu ya mzee au udongo, yenye maua. Zulia la rangi moja litakutangazia kila tone la chai.

Sasa vipimo, maana hapa ndipo wengi wanapopoteza hela. Usiende dukani na namba kichwani. Toa khanga zako. Khanga nyingi zina urefu wa sentimita 150 na upana wa 110 hivi. Tandika doti moja iliyokatwa, khanga mbili ubavu kwa ubavu, mbele ya makochi: umepata 150 kwa 220, pungufu kidogo tu ya hiyo 5 kwa 8 yako. Kaa kwenye kochi uiangalie. Nadhani utaona kitu kimeelea katikati ya vigae kama mtumbwi. Ongeza doti ya pili upate 220 kwa 300. Hiyo ni karibu sawasawa na futi 7 kwa 10, na ndiyo saizi ya sebule yako. Miguu ya mbele ya makochi ikanyage zulia, ya nyuma ibaki kwenye vigae. Pembeni utabakiwa na futi mbili, mbili na nusu za sakafu, kama pindo linavyouzunguka mji wa khanga. Ziache khanga hapo hata siku mbili, watoto wapite, mlango ufunguke. Mlango ukifika juu ya khanga, pima uwazi uliopo chini yake. Nimewahi kuona zulia zuri limekatwa pembe kwa kisu cha jikoni kwa sababu hiyo tu.

Dukani, kunja pembe kwa nyuma mpaka nyuzi zifunguke. Ukiuona mgongo mweupe katikati ya nyuzi, hilo litaota kipara pale miguu inapopita. Kisha lowesha leso nyeupe, sugua zile rangi nyekundu uone kama zinachuja. Muuzaji akinuna, nenda duka la pili.

Na baba watoto? Mkeka nao nunua, wa ukindu, mkubwa. Wakati wa kula unatandikwa juu ya zulia, mkimaliza unakung'utwa nje pamoja na wali wake. Kuhusu ada, hapo sina la kumpinga. Januari lipeni ada, zulia linaweza kungoja Februari.

SWALI: Shangazi, babu ametuachia zulia la sufu, wanasema ni la Kiajemi. Limezidi chumba changu kwa futi mbili. Fundi yuko tayari kulikata. Nimruhusu?
Mjukuu, Unguja

JIBU: Mwambie fundi aweke mkasi chini!

Kwanza ligeuze. Kama mgongoni ua linaonekana wazi kama mbele, na vifundo vyake havilingani sana, huenda limefumwa kwa mkono. Halafu angalia matamvua ya mwisho. Ya zulia la mkono ni nyuzi zilezile za mtande, zile za urefu zinazoshika vifundo, zimetoka mwilini mwake. Yakiwa yameshonewa kama lesi ya gauni, hilo ni la mashine na babu alipigwa, Mungu amrehemu. La mkono ukilikata, vifundo vinaanza kuchomoka kwenye ule mkato.

Hizo futi mbili zilizozidi ziviringishe chini ya kitanda. Usilikunje, la zamani linavunjika mtande, na ukilihifadhi liviringishe. Ila kule uvunguni ndiko nondo wanakopenda kutaga, gizani pasipopita mtu. Kwa hiyo kila baada ya miezi michache livute lote, litoe nje, lipige fimbo mgongoni. Ukiona vijidudu mfano wa punje za mchele vimeganda kwenye sufu, niandikie tena haraka.