Fisi ni wa zamu

Walimu wapya wa maigizo ya watoto, mliotoka chuo cha sanaa Bagamoyo na Chuo Kikuu Mlimani mwaka huu, karibuni. Chai ipo, mihogo ipo, ya posho tutaongea. Ila nimewaangalia kwenye mazoezi ya Jumamosi nikawa najishika nisiinuke kitini, maana mnayakosea yale yale tuliyoyakosea sisi, tena kwa kujiamini kule kule. Nawapenda, ndiyo maana nayaandika badala ya kuwafokea mbele ya watoto.

1. Skripti ibaki kabatini. Mtoto wa miaka sita hahitaji mistari, anahitaji kazi ya kufanya. Mkaririshe "Ewe Sungura, mbona umechelewa?" atasimama kama askari wa gwaride, mikono ubavuni, macho kwako, akimaliza anashusha pumzi. Lakini mwambie, "Simba yuko mlangoni, mzuie asiingie, ila usimguse," uone maneno yatakavyotoka. Binti mmoja wa chekechea alimjibu Simba, "Baba, mama ameenda sokoni, na funguo kaondoka nazo." Nani kati yetu angeandika hivyo? Wala si jambo jipya. Mradi wa Tuseme ulipoanza mwaka 1996, akina Penina Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliwaacha wanafunzi wa sekondari waseme kwanza yanayowasumbua, igizo likatoka humo. Wale ni waandishi wa tamthilia, na kalamu waliiweka chini.

2. Stanislavski, yule Mrusi wa kuigiza kwa kukumbuka hisia zako mwenyewe, naye akae kabatini na skripti. Kuna aliyewaambia watoto wa darasa la kwanza wafumbe macho wakumbuke siku ya huzuni. Mmoja akakumbuka msiba wa bibi yake, na ndani ya muda mfupi darasa zima lilikuwa linalia, mpaka mpishi akaja kuuliza nani kaumia. Pasheni moto kwa michezo wanayoijua: Ukuti ukuti inafundisha kushika duara, Nyama nyama inafundisha kusikiliza kabla ya kuruka.

3. Msigawe wahusika kwa maumbo. Hapa nitakaa.

Ilikuwa ile hadithi ya Fisi na njia panda. Harufu ya nyama inatoka huku, harufu inatoka kule, Fisi anataka kote, mguu mmoja njia hii, mguu mwingine njia ile, anapasuka msamba. Nilikuwa na mtoto wa darasa la pili, mnene, mcheshi, akimaliza chapati yake anawasaidia wenzake za kwao. Nikasimama mbele ya darasa nikasema, "Fisi wetu si huyu hapa? Oneni tumbo." Watoto wakacheka. Na yeye akacheka, ndipo nikaona sijaharibu kitu.

Tena alikuwa hodari. Pua yake ilianza safari kabla ya miguu: inavuta kulia, inasita, inavuta kushoto, halafu mguu unateleza polepole huku macho yameganda mbele. Hilo sikumfundisha. Pande zote mbili niliweka watoto na vyungu, wanaimba kibwagizo nilichokitunga mwenyewe, "Huku kwanukia, kule kwanukia." Siku ya wazazi ukumbi ulivunjika mbavu. Mwalimu mkuu akanipa mkono, nikarudi nyumbani kichwa kimevimba.

Muhula uliofuata mama yake akaja. Mama mpole, alinisalimia, akaulizia watoto wangu, ndipo akasema, "Mwalimu, mwanangu siku hizi anarudi na chakula chake kama nilivyokifunga. Nimemchapa kwa hilo kabla sijajua." Kumbe kuanzia wenzake hadi kondakta wa basi la shule, hakuna aliyekuwa akimwita kwa jina. Ni Fisi. Na kila akifungua kopo lake wakati wa mapumziko, kuna meza inaanza, "Huku kwanukia," na meza ya pili inaitikia.

Nikadhani nitalimaliza kisanii. Igizo lililofuata nikampa Simba. Siku ya kwanza ya mazoezi mmoja wa nyuma akasema, "Fisi kavaa ngozi," nikamkemea vikali. Halafu, wakati wa kupanga jukwaa, mdomo wangu mwenyewe ukamwita: "Fisi, sogea mbele." Alisogea. Akafanya kila nilichomwambia siku ile, tumbo kalivuta ndani mwanzo mpaka mwisho. Hakurudi tena, na mimi sikuwa na uso wa kumfuata kwao.

Kwa hiyo kwangu Fisi ni wa zamu. Kila mtoto atakuwa Fisi, hata binti wa mwenyekiti wa kamati ya shule. Na kipindi kikiisha watoto wanavua mhusika: wanajipangusa kutoka kichwani hadi miguuni, manyoya wanayatupa dirishani, kila mmoja anataja jina lake na la baba yake na chakula anachokipenda. Msikikate kipande hicho ati muda umeisha, kateni wimbo. Na wewe uliyesema, "Wewe mfupi, shika Kobe," tutaonana baada ya chai.

4. "Pakawa" ikija legelege, usianze hadithi. Rudia "Paukwa" mpaka wa mwisho kabisa aliyelala aamke.

5. Hatuna miti. Mtoto mwenye haya hapewi tawi la mwarobaini akasimama nalo igizo zima huku mama yake kavaa nguo ya Idi kuja kumwona. Mpe ngoma apige, au mpe mlango: yeye ndiye anayeamua nani anaingia. Wengi walioanzia mlangoni wamekuja kuwa watambaji wangu wazuri.

6. Siku ya wazazi kaa watoto wanapokuona, na unyamaze. Mnanong'oneza mistari kutoka pembeni kwa sauti inayofika barabarani. Mtoto akisahau atatafuta, na wazazi hawajui hadithi ilipaswa kwenda wapi. Kuna mwaka Sungura wetu alisahau kutoroka, akakaa akala karanga na Simba, wakazungumzia bei ya karanga, na watu wakapiga makofi kuliko siku zote.

7. Maleba tunaazima majumbani, kwa hiyo andikeni daftarini kanga ya nani imekuwa mkia wa nani. Kuna doti moja ya dada yangu, nyekundu, haijaonekana tangu igizo la Pasaka, naye kila Ijumaa ananipigia simu. Aliyeichukua airudishe, sitamuuliza kitu.